Nani Anahesabiwa? Usawiri wa Watu wa Magharibi mwa Serengeti katika Filamu ya Serengeti darf nicht sterben (1959)

Ikisiri

Makala haya yanahakiki usawiri wa watu katika filamu ya Kijerumani Serengeti darf nicht sterben, yaani Serengeti Isife, iliyotengenezwa na Bernhard Grzimek na mwanawe Michael na kuoneshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1959. Uhakiki umejikita katika jamii zinazoishi magharibi mwa hifadhi, katika eneo ambalo leo makao makuu yake ya wilaya ni Mugumu, mkoani Mara. Makala yanatumia dhana ya uwakilishi pamoja na istilahi za uhakiki wa wahusika zilizozoeleka katika fasihi ya Kiswahili. Hoja kuu ni kwamba udhaifu wa filamu hautokani na uchache wa Waafrika kwenye picha. Unatokana na mpangilio wa usimulizi unaompa mnyama idadi, Mzungu jina, Mmasai umbo na mkazi wa magharibi kosa. Makala yanahitimisha kwa kuonesha kwamba uhakiki wenyewe, unapowatazama Wamaasai peke yao, huendeleza sehemu ya ukimya ulioanzishwa na filamu.

1.0 Utangulizi

Mji wa Mugumu ni makao makuu ya Wilaya ya Serengeti katika Mkoa wa Mara. Uko magharibi mwa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, na vijiji vya wilaya hiyo vinapakana na hifadhi yenyewe, na mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti, na eneo la Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori ya Ikona. Kwa hiyo jina la Serengeti lina maana mbili kwa mkazi wa Mugumu. Ni jina la wilaya anamolima, anamopiga kura na anamozika wafu wake. Ni jina pia la hifadhi ambayo akiingia bila kibali, akiwa na upinde au waya mkononi, huitwa jangili. Kwa watazamaji wengi wa Ulaya na Marekani maana ya kwanza haipo. Serengeti wanayoifahamu ni tambarare isiyo na mji, isiyo na shamba na isiyo na kaburi, isipokuwa kaburi moja lililo ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, ambamo amezikwa kijana wa Kijerumani.

Sehemu kubwa ya taswira hiyo ilijengwa na filamu moja. Serengeti darf nicht sterben ilipata tuzo ya Oscar ya filamu ndefu ya hali halisi mwaka 1960, na kitabu chenye jina hilohilo, kilichotolewa mwaka 1959, kilitafsiriwa katika lugha nyingi. Filamu hiyo imehesabiwa miongoni mwa kazi bora za zamani katika historia ya filamu za hali halisi za Ulaya. Haipaswi kuchukuliwa kuwa kumbukumbu ya wanyama tu, kwa kuwa ni kazi ya sanaa yenye mandhari, wahusika, mgogoro na kilele, na ambayo kifo cha mmoja wa watengenezaji wake kimeipa hadhi ya tanzia.

Watafiti kadhaa wameijadili filamu hii. Adams na McShane (1992) waliiweka katika mjadala mpana wa kile walichokiita uzushi wa Afrika ya mwituni. Boes (2013) alichunguza dhana ya urithi wa wanadamu inayoibebeshwa hoja ya filamu, na Lekan (2020) aliandika historia ndefu ya harakati za Grzimek katika Afrika Mashariki. Hata hivyo, mjadala kuhusu watu wa Serengeti umeelekea zaidi upande wa mashariki, yaani kwa Wamaasai na kuondolewa kwao. Jamii za magharibi, zikiwemo Waikoma, Wanata, Waisenye, Wangoreme, Wakuria na Watatoga, hutajwa kwa kupita. Makala haya yanakusudia kuziba sehemu ya pengo hilo kwa kuihakiki filamu kutokea Mugumu.

2.0 Usuli wa Filamu

Bernhard Grzimek aliongoza bustani ya wanyama ya Frankfurt kuanzia mwaka 1945 hadi mwaka 1974. Filamu ya kwanza aliyoitengeneza pamoja na Michael kuhusu Afrika, Kein Platz für wilde Tiere, ilitoka mwaka 1956 na kufanikiwa sana. Ujumbe wake ulikuwa kwamba wanadamu wanaongezeka na wanyama wanakosa mahali pa kuishi. Grzimek alitaka kutumia mapato ya filamu hiyo kununua ardhi kwa ajili ya wanyama wa Tanganyika. Kanali Peter Molloy, aliyekuwa mkurugenzi wa hifadhi za taifa za Tanganyika, alimshauri atumie fedha hizo kuchunguza mienendo ya wanyama wanaohama.

Ushauri huo ulitolewa wakati wa mgogoro. Hifadhi ya Serengeti ilikuwa imeanzishwa mwaka 1951, ikijumuisha nyanda za juu za Ngorongoro. Mwaka 1956 serikali ya kikoloni ilitoa pendekezo la kuigawa ili kutatua mvutano kati ya haki za wafugaji wa Kimaasai na masharti ya uhifadhi. Pendekezo hilo lilizua kelele nyingi ng'ambo, na mwaka 1957 Profesa Pearsall alitumwa kuchunguza na kutoa mapendekezo yake. Mwezi Aprili 1958 wazee 12 wa Kimaasai walikubali kwa hati kuondoka katika Serengeti ya magharibi, na mwaka 1959 Ngorongoro ikatengwa kisheria na kuwa eneo la hifadhi linaloruhusu watu na mifugo kuishi. Akina Grzimek walikuwa wakirusha ndege yao na kupiga picha katika kipindi hichohicho. Walitaka kuonesha kwamba mipaka mipya haikufuata njia za wanyama. Michael alifariki tarehe 10 Januari 1959, akiwa na umri wa miaka 24, baada ya ndege yao kugongana na tumbusi.

Usuli huu una umuhimu kwa uhakiki, kwa sababu unaonesha kwamba filamu ilizaliwa ndani ya shauri la ardhi. Ilikuwa na upande na ilikusudiwa kuathiri uamuzi. Hivyo, kuichunguza jinsi inavyowasawiri watu wanaohusika na ardhi hiyo ni kuipima kwa kipimo kinachotokana na shabaha yake yenyewe.

3.0 Mkabala wa Uhakiki

Hall (1997) anauchukulia uwakilishi kuwa ni mchakato wa kuzalisha maana kupitia lugha na picha. Kwa mtazamo huu, picha haiakisi tu kitu kilichokuwepo kabla yake. Spivak (1988) anatahadharisha kuhusu kuchanganya mambo mawili, yaani kumchora mtu na kusema kwa niaba yake. Kiswahili kinasaidia kulifafanua suala hili, kwa kuwa kina maneno mawili tofauti: kusawiri na kusemea. Msanii anaweza kumsawiri mtu bila kumsemea, na anaweza pia kumsemea mtu ambaye hajamsawiri kabisa. Uchambuzi unaofuata utaonesha kwamba filamu hii hufanya yote mawili, lakini kwa watu tofauti.

Kwa upande wa fani, Nichols (1991) anabainisha aina ya filamu za hali halisi ambazo sauti isiyoonekana hutawala picha na kumweleza mtazamaji maana yake. Dhana hiyo inakaribiana na ile ya msimulizi maizi katika uhakiki wa riwaya ya Kiswahili, yaani msimulizi anayejua yote, anayeingia popote na asiyeulizwa amejuaje. Makala yanatumia pia tofauti iliyozoeleka kati ya mhusika duara, mwenye nafsi inayobadilika, na mhusika bapa, anayebeba sifa moja tangu mwanzo hadi mwisho. Maswali matatu yanaongoza uchambuzi: nani ana jina, nani ana sauti, na nani ana historia?

4.0 Uchambuzi

4.1 Anwani na Sauti

Anwani ya filamu ni katazo. Kwa Kijerumani inasema kwamba Serengeti hairuhusiwi kufa, na kwa Kiswahili inaweza kufupishwa kuwa Serengeti Isife. Katika umbo hili Serengeti ndiyo kiima, nayo imepewa uhai kwa njia ya tashihisi, kwa sababu ni kiumbe kinachoweza kufa. Mtendaji hatajwi. Anwani haisemi ni nani anayeiua wala ni nani anayeamrishwa kuiokoa. Nafasi hizo mbili zilizoachwa wazi zinajazwa na filamu yenyewe. Mwokoaji ni mtafiti aliyetoka Frankfurt pamoja na mtazamaji anayeombwa kumuunga mkono, na muuaji hutokea baadaye akiwa na waya, mishale na ng'ombe. Kabla ya mkazi yeyote wa Serengeti kuonekana, muundo wa anwani umekwisha kumpangia nafasi yake katika mgogoro.

Sauti ya msimulizi inakamilisha kazi hiyo. Ni sauti tulivu, yenye ucheshi na elimu, na kwa hakika ni sehemu ya mvuto wa filamu. Inaeleza kwa nini nyumbu anahama, simba anahisi nini na serikali inakosea wapi. Hata hivyo, watu wanaoishi katika eneo hilo hawasemi neno lolote linalofasiriwa kwa mtazamaji. Midomo yao inapofunguka, maana inatoka kwa msimulizi. Kwa istilahi za sehemu ya 3.0, watu hawa wanasawiriwa na kusemewa kwa pamoja, lakini wanachosemewa si haja yao. Msimulizi ametangaza waziwazi kwamba anamsemea mnyama. Matokeo yake ni kwamba katika shauri la ardhi lenye pande mbili, upande mmoja umepata wakili na mwingine umepata picha tu.

4.2 Idadi na Jina

Kitendo kikuu cha filamu ni kuhesabu. Baba na mwana wanaruka katika ndege ndogo ya Dornier iliyopakwa milia ya pundamilia, wanaligawa eneo katika vipande na kuhesabu wanyama wakubwa kutoka angani. Jumla waliyoipata ilikuwa 366,980, wakiwemo nyumbu 99,481, pundamilia 57,199 na swala 194,654. Baadhi ya wanyama walikamatwa na kutiwa alama za rangi ili mienendo yao ifuatiliwe mmoja mmoja. Hatua hiyo ilikuwa na thamani ya kweli kwa sayansi, kwa kuwa kabla ya hapo mipaka ya hifadhi ilijadiliwa bila ujuzi wa kutosha kuhusu njia za wanyama.

Kwa uhakiki, jambo linalostahili kuangaliwa ni lile ambalo kitendo hicho kinaliacha nje. Filamu inajua idadi ya pundamilia kwa ukamilifu wa tarakimu ya mwisho, lakini mtazamaji anamaliza kuitazama bila kujua ni watu wangapi wanaoishi kando ya mipaka inayojadiliwa, wala ni wa makabila gani. Ndege yenye milia ni ishara inayofaa kutafsiriwa. Mtafiti amechagua kufanana na mnyama na kutazama kutoka juu. Kutoka juu, kundi linaonekana vizuri kuliko mtu, na nyika inaonekana vizuri kuliko njia ya miguu inayopita ndani yake. Mahame, mawe ya mafiga, miti ya matambiko na visima vya zamani havionekani kabisa kwa mtu asiyeambiwa vilipo. Hivyo mbinu ya utafiti imegeuka kuwa mtazamo wa kisanaa, na kile ambacho chombo hakiwezi kukiona kimechukuliwa kuwa hakipo.

Majina yamegawiwa kwa utaratibu uleule. Bernhard na Michael wana majina, uhusiano wa baba na mwana, woga, mzaha na hatimaye msiba. Ni wahusika duara. Baadhi ya wanyama nao wanapewa tabia na nafsi. Mwandishi wa Kenya Binyavanga Wainaina, katika insha yake ya kejeli ya mwaka 2005 kuhusu namna ya kuiandika Afrika, aliuona mwelekeo huu kwa upana: wanyama wa Afrika huchorwa kwa undani wa kibinadamu ambao watu wa Afrika hunyimwa. Serengeti darf nicht sterben si chanzo pekee cha mwelekeo huo, lakini ni miongoni mwa kazi zilizouimarisha kwa ufundi mkubwa zaidi.

4.3 Mmasai na Jangili

Ingekuwa makosa kudai kwamba filamu inawachora Waafrika wote kwa namna moja. Inawagawa katika aina mbili kuu, na mgawanyo huo ndio unaobeba siasa yake.

Aina ya kwanza ni Mmasai. Huyu anapewa umbo: urefu, mavazi, mkuki, mwendo. Kamera inamtazama kwa kustahi, na msimulizi anatambua kwamba mila yake haimtumi kuwinda kwa ajili ya kula. Tatizo lake, kwa mujibu wa hoja ya filamu, ni ng'ombe wanaoongezeka na kumaliza malisho na maji. Mmasai ni mzuri wa kutazama lakini hafai kubaki. Katika kitabu kilichoambatana na filamu, Grzimek anaeleza msimamo wake bila kuficha kwamba ndani ya hifadhi ya taifa hapapaswi kuishi mtu yeyote, hata mwenyeji.

Aina ya pili ni mwindaji wa magharibi. Huyu hana umbo wala mavazi ya kustahiwa. Anaingia kwenye filamu kupitia vifaa vyake, yaani tanzi la waya, mshale wa sumu na mzoga, na anaonekana zaidi akisakwa au akiwa amekamatwa. Askari wa Kiafrika wanaomkamata nao hawana nafsi inayojitegemea, kwani wamechorwa kuwa mikono ya sheria. Mwindaji ni mhusika bapa kwa maana kamili ya istilahi hiyo. Sifa yake ni moja, nayo ni kosa. Mtazamaji hajui anatoka kijiji gani, anakula nini mwezi ambao hakuna nyumbu, wala mkewe analima nini.

Tofauti kati ya aina hizi mbili ina athari kubwa. Mmasai anayeondolewa anaweza kuhurumiwa, na kwa kweli alihurumiwa na wahakiki wa baadaye, kwa sababu filamu yenyewe ilikuwa imempa sura. Mwindaji wa magharibi hakuachiwa hata mlango huo. Huruma huhitaji uso, naye alipewa waya. Hii ndiyo sababu makala haya yanashikilia kwamba ukimya kuhusu magharibi katika uhakiki wa filamu si bahati mbaya. Wahakiki wamewatetea wale ambao kamera iliwaonesha, na wale iliowaficha wakabaki mafichoni.

4.4 Nyika na Historia Isiyoonekana

Hoja ya filamu inahitaji nyika iwe ya asili, ardhi iliyobaki kama ilivyokuwa kabla ya mwanadamu. Historia ya magharibi mwa Serengeti haikubaliani na hitaji hilo. Shetler (2007), aliyefanya utafiti miongoni mwa wazee wa Mara, anaonesha kwamba maeneo mengi ambayo leo ni hifadhi au mapori ya akiba yana majina katika kumbukumbu za wenyeji, yakiwa mahame ya koo, njia za wawindaji na mahali pa matambiko ya mizimu iitwayo emisambwa. Mwishoni mwa karne ya 19 sotoka, njaa, magonjwa na mashambulizi viliwapunguza watu na mifugo na kuwalazimisha wengi kuhama. Kjekshus (1977) alikwisha kueleza kwa Tanganyika nzima jinsi maafa hayo yalivyoruhusu vichaka na mbung'o kurudi katika ardhi iliyokuwa ikitunzwa na wakulima na wafugaji. Kwa hiyo, sehemu ya kile ambacho kamera ilikiona kuwa mwanzo wa dunia ilikuwa alama ya maafa yaliyotokea miaka 60 au 70 tu kabla ya filamu.

Uanuwai wa watu wa eneo hilo nao umefutika. Waikoma, Wanata na Waisenye huzungumza lahaja zinazokaribiana sana za Kibantu. Wangoreme na Wakuria wana lugha zao, nazo pia ni za Kibantu, na Watatoga ni Wanailoti. Uchumi wao haukuwa wa uwindaji peke yake. Walilima, wakafuga na kuwinda kwa majira, hasa nyumbu walipopita wakati wa kiangazi, na mazao ya porini yalibadilishwa kwa mifugo na majirani, wakiwemo Wasukuma. Masimulizi ya asili yaliyokusanywa katika eneo hilo yanamtaja mwanamume mwindaji aliyekutana na mwanamke mkulima, na kutokana na kukutana kwao jamii ikaanza. Katika masimulizi hayo pori na shamba ni nusu mbili za nyumba moja, na mwanamke ndiye mwenye mbegu. Katika filamu nusu ya shamba haipo, na mwanamke wa magharibi hayupo kabisa. Mwindaji aliyetengwa na shamba lake hawezi kueleweka isipokuwa kama mharibifu.

Wenyeji hawakukosa ushahidi wa maandishi. Katika mkusanyiko wa mwaka 2003 uitwao Telling Our Own Stories, Shetler alichapisha historia zilizoandikwa na wazee wa Mara kusini wenyewe, kwa Kiswahili pamoja na tafsiri. Kuwapo kwa maandishi hayo kunaonesha kwamba ukimya uliomo katika filamu ni wa kamera, wala si wa watu.

4.5 Dhana ya Wanadamu Wote

Sehemu inayojulikana zaidi ya maelezo ya filamu ni ile inayowalinganisha wanyama wa Afrika na majengo makuu ya kale ya Ulaya, kama vile Akropoli ya Athens. Hoja yake ni kwamba, kama vile serikali yoyote isivyo na haki ya kubomoa jengo la namna hiyo ili kujenga nyumba, vivyo hivyo hakuna mtu, mweusi au mweupe, mwenye haki ya kuwaangamiza wanyama hawa, kwa sababu ni mali ya wanadamu wote. Wazo hilo lilitangulia Mkataba wa Urithi wa Dunia wa mwaka 1972, na Serengeti iliingizwa katika orodha ya urithi huo mwaka 1981.

Usawa uliomo katika kauli hiyo hauna budi kutambuliwa. Filamu haimwachi mzungu mwenye bunduki, wala haisiti kuikosoa serikali ya kikoloni. Katika mwaka 1959 hilo halikuwa jambo dogo. Tatizo liko katika ulinganisho wenyewe. Akropoli ilijengwa na Waathene, na kuitunza ni kuheshimu kazi ya mikono yao. Serengeti inapoitwa jengo lisilo na mjenzi, wale walioichoma nyasi kwa majira, walioilisha mifugo na walioipa majina wanaondolewa katika urithi wanaoambiwa kuwa ni wao pia. Wanabaki kuwa sehemu ya wanadamu wote kwa jumla, bila kuwa na haki yoyote kwa umahususi wao. Kwa lugha ya mtaani nchini Tanzania, mali isiyo na mwenyewe wa kuilinda huitwa shamba la bibi. Filamu inaiona Serengeti kuwa shamba la bibi linalohitaji msimamizi kutoka mbali, lakini haikuuliza iwapo bibi mwenyewe yupo hai, na anaishi upande gani wa mpaka.

5.0 Hoja za Kuitetea Filamu

Uhakiki wa haki unapaswa kuzipima hoja za upande wa pili. Hoja ya kwanza ni kwamba hii ni filamu ya wanyama, na kuidai iwaoneshe watu ni kuidai isichoahidi. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama filamu ingenyamaza kuhusu watu. Haikunyamaza. Ilizungumzia ongezeko la watu, ng'ombe, mitego na mipaka, na kupendekeza nani asikae wapi. Kazi inayotoa hukumu juu ya watu haiwezi kukwepa swali la jinsi ilivyowachora.

Hoja ya pili ni kwamba bila filamu hii huenda Serengeti isingepata ulinzi na umaarufu ilionao, na kwamba leo taifa linanufaika kwa utalii. Makala haya hayapingi kwamba filamu ilichangia. Yanachosisitiza ni kwamba manufaa ya kazi ya sanaa hayafuti swali la usawiri wake, na kwamba maelezo ya filamu kuhusu chanzo cha hatari yalikuwa pungufu. Idadi ya nyumbu iliongezeka hadi kupita milioni 1 kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970. Watafiti wa ikolojia wamehusisha ongezeko hilo hasa na kutoweka kwa sotoka miongoni mwa nyumbu mwanzoni mwa miaka ya 1960, baada ya ng'ombe wa maeneo ya jirani kuchanjwa. Mnyama mkuu wa filamu aliongezeka, kwa kiasi kikubwa, kwa sababu ng'ombe wa mfugaji alitibiwa. Ukweli huo unaonesha kwamba zizi na nyika ni mfumo mmoja, kama masimulizi ya asili ya Mara yalivyokwisha kusema kwa njia yake.

Hoja ya tatu ni ya wakati: watengenezaji walikuwa watu wa zama zao. Hata hivyo, zama hizohizo zilikuwa za TANU na madai ya uhuru, uliopatikana tarehe 9 Desemba 1961, chini ya uongozi wa Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama katika Mara hiyohiyo. Sauti za Waafrika kuhusu ardhi yao zilikuwepo na zilisikika. Kutosikika kwake katika filamu ni uteuzi wa kisanaa, na uteuzi ndio unaohakikiwa.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba swali la uanuwai katika Serengeti darf nicht sterben halijibiwi kwa kuhesabu nyuso nyeusi kwenye picha. Nyuso hizo zipo. Linajibiwa kwa kuuliza jina, sauti na historia vimegawiwaje. Kwa vigezo hivyo, watu wa magharibi mwa Serengeti wako chini kabisa katika ngazi ya filamu, chini ya mtafiti, chini ya mnyama na chini ya Mmasai, na uhakiki uliofuata umewaacha palepale kwa sehemu kubwa.

Mabadiliko yameanza kuonekana katika filamu za baadaye, ingawa nayo yanahitaji uangalifu. Filamu ya In the Name of Your Daughter (2018), ya Giselle Portenier kutoka Kanada, inahusu wasichana wanaokimbia ukeketaji na nyumba salama ya Mugumu, na mwanaharakati Rhobi Samwelly anaonekana humo akiwa na jina lake, sauti yake na kazi yake. Huyo ni mhusika duara ambaye filamu ya 1959 haikuweza kumfikiria. Hata hivyo, Mugumu inaingia tena kwenye kioo cha dunia kupitia kosa, safari hii kosa la mila, baada ya lile la uwindaji. Kazi iliyobaki, kwa watunzi na kwa watafiti, ni kuuchora upande huu wa Serengeti katika siku zake za kawaida: mnada wa ng'ombe, mvua ya kupandia mtama, tembo aliyeingia shambani usiku, mzee anayejua jina la kilima kilicho ndani ya hifadhi asikoruhusiwa kufika.

Makala yanapendekeza mambo mawili. Kwanza, filamu za zamani za uhifadhi zifundishwe katika vyuo vya Tanzania pamoja na historia zilizoandikwa na wenyeji kwa Kiswahili, ili mwanafunzi asome picha na kilichoachwa nje ya picha kwa wakati mmoja. Pili, Serengeti darf nicht sterben ioneshwe katika vijiji vya Wilaya ya Serengeti, pamoja na tafsiri ya Kiswahili, na maoni ya watazamaji yakusanywe kitaaluma. Filamu hiyo imetazamwa kwa zaidi ya miaka 60 na watu wa mbali. Usomaji wa wale waliohukumiwa ndani yake ndio unaokosekana katika rekodi ya uhakiki, na hauwezi kujazwa na mtu mwingine kwa niaba yao.